Kitabu Kilichoishia kwenye Hodi

"Afande, ile kitabu haina ukurasa ya mia moja tisini na saba," Komakech alisema kwa mara ya tatu. "Inaisha mia moja tisini na mbili. Mimi niliisoma yote."

Mkuu wa kituo, Okwir, alicheka mpaka kiti kikalia. Karatasi yenyewe ilikuwa mezani mbele yao, ndani ya mfuko wa nailoni wa vielelezo. Ilikuwa imekunjwa mara nane, ikakunjuliwa tena na mtaalamu wa alama za vidole ambaye hakupata alama yoyote. Upande mmoja chini palikuwa na namba 197, upande wa pili 198. Mengine yote yalikuwa hadithi tu, mistari ya maandishi madogo iliyobanana.

Inspekta Lamwaka hakucheka. Miaka kumi na minane ya kuhoji watu ilikuwa imemfundisha kwamba mwongo hutafuta uongo unaoingia akilini, na huu haukuingia. Mtu mwenye akili timamu hawezi kuikana karatasi iliyo mbele ya pua yake, labda awe hajui kabisa inatoka wapi.

Kisa chenyewe kilikuwa kifupi. Jumapili mchana mtu aliingia kwenye bohari ya vifaa vya ujenzi huko Port Bell, akabeba mabunda sita ya waya wa shaba, na alipokutana na mlinzi Odur akampiga kwa nondo. Odur alikufa kabla ya kufika hospitali. Mlango wa pembeni haukuvunjwa. Ni mlango unaojifunga wenyewe ukisukumwa, na mtu alikuwa amesokomeza karatasi kwenye tundu la kitasa ili ulimi usishike. Ukiutazama, unaona umefungwa. Ukiusukuma, unafunguka.

Jumatatu mtunza bohari, Jasper, alionyeshwa karatasi hiyo. Akaitambua papo hapo. Alisema inatoka kwenye kitabu cha kutisha kiitwacho *Hodi ya Tatu*, ambacho Komakech, mlinzi wa zamu ya asubuhi, alikuwa akikisoma getini tangu wiki iliyopita. Yeye mwenyewe, aliongeza, ni mtu wa kanisa na hasomi vitabu vya mauaji. Komakech alikamatwa siku hiyohiyo, na sasa ilikuwa Jumatano. Sheria inataka mtuhumiwa afikishwe mahakamani ndani ya saa arobaini na nane, na Okwir alikuwa amekwisha kuandika saa ya kuondoka: saa tisa alasiri. Shitaka la mauaji halina dhamana ya kesho wala ya mwezi ujao. Komakech angevuka geti la gereza la Luzira na kusubiri kesi mwaka, pengine miwili. Alilijua geti hilo vizuri, kwa kuwa baba yake alikuwa askari magereza na yeye alizaliwa upande wa pili wa ukuta wake.

"Nani mwingine alisikia habari za kitabu hiki?" Lamwaka aliuliza.

"Odur," Komakech alisema. Kisha akainamisha kichwa. "Na Dada Bushira wa Nateete. Yeye ndiye alikuwa anafuata kwa mstari."

Okwir alimfuata Lamwaka hadi kwenye veranda. Alimwambia, bila ubaya, kwamba mfa maji haachi kutapatapa, na kwamba faili limekamilika. Lamwaka alimuuliza kama kuna mtu aliyekwisha kukitazama kitabu chenyewe. Hakuna. Walikuwa na ukurasa, wakaona kitabu cha nini. Akaangalia saa. Ilikuwa saa tatu na robo.

*

Duka la Mama Pélagie lilikuwa nyuma ya soko la Nateete, katikati ya muuza pasi za mkaa na fundi viatu. Lilikuwa chumba kimoja chenye rafu tatu za mbao ukutani. Mama Pélagie alitoka Bukavu na maboksi mawili ya vitabu, na kwa miaka tisa alikuwa akiazimisha hadithi za giza peke yake: mauaji, mizimu, watu wanaopotea. Juu ya meza yake kulikuwa na kadibodi iliyoandikwa kwa rangi nyekundu: MAONI KWANZA, KITABU BAADAYE.

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya duka. Ukirudisha kitabu, unakaa kwenye kigoda, unaandika maoni yako kwenye daftari mbele ya macho yake, ndipo anakupa kingine. Kila kitabu kipya kilikuwa na kurasa zake ndani ya daftari. Na kwa kuwa wengi hawakutaka ijulikane wanasoma nini, kila mtu aliandika kwa jina la kujibandika.

Lamwaka aliomba daftari na kuanza kulifungua kwa haraka ya mpelelezi. Baada ya kurasa mbili haraka ikamtoka. Alikuwa binti wa sajini, amekulia kambini Makindye ambako Kiswahili kilikuwa cha kuamrishia watoto kuoga, na hakujua kwamba mjini hapa kuna watu wanaokiandika hivi kwa raha yao.

Chini ya kitabu kiitwacho *Mshona Sanda*, mtu aliyejiita Mke wa Mchungaji alikuwa ameandika: "Nilikisoma mchana, mlango wazi, jirani akiwa anafua nje, na bado nikaogopa. Mwandishi huyu ana mkono wa baridi. Mungu ambariki aandike kingine."

Chini ya *Chokaa Kisimani*, Fundi Saa alisema: "Maiti wanne, na hakuna hata mmoja aliyekufa bure. Kila mmoja anasukuma hadithi mbele. Hii ndiyo kazi." Na mwingine, kwa mwandiko wa mtoto wa shule ingawa alijitaja kuwa mzee aliyestaafu: "Tangu nisome hiki nimeanza kumwamkia jirani yangu kwa adabu."

Lamwaka alitabasamu, akajikuta anaandika pembeni ya notibuku yake jina la *Chokaa Kisimani*. Kisha akafika kwenye *Hodi ya Tatu*.

Kitabu kilikuwa kipya, cha mwandishi wa hapahapa Kampala, na kilikuwa kimesomwa na watu wawili tu. Wa kwanza alijiita Panya Mkubwa. Alirudisha Jumatano iliyopita: "Sikumdhania shemeji hata kidogo. Nilirudi mwanzo kutafuta mahali mwandishi aliponidanganya, nikakuta hajanidanganya popote, ni mimi niliyekuwa sisomi. Namvulia kofia."

Wa pili alikuwa Mlinda Geti. Huyo hakuhitaji kuulizwa ni nani. Alirudisha Jumatatu alfajiri, saa chache kabla ya pingu: "Nimesoma vingi vya kutisha. Wote mwishoni wanaanza kueleza eleza, na ukieleza hofu inakufa. Huyu peke yake ana ujasiri wa kunyamaza. Mtu amefungiwa ndani, hodi ya kwanza, hodi ya pili, hodi ya tatu, basi. Nani anabisha? Hasemi. Ameniachia mimi kazi hiyo na nimeipenda sana."

Lamwaka aliyasoma maoni yote mawili tena, moja baada ya jingine. Wote wawili walikisifu kitabu kwa moyo mweupe, ila hawakuwa wamesoma kitabu kimoja.

Aliomba kitabu chenyewe. Kilikuwa rafuni, kikimsubiri Bushira. Ukurasa wa mwisho ulikuwa 192, na mstari wa mwisho ulisema: *Ndipo akasikia hodi ya tatu.* Baada ya hapo ni jalada. Alikipindua kwenye mwanga wa mlango, akapitisha kucha kwenye mshono. Kulikuwa na mfereji mwembamba wa gundi iliyokauka na kingo nane za karatasi, zimekatwa kwa wembe na mkono usio na papara. Karatasi nane ni kurasa kumi na sita.

Alimpigia Okwir simu. Okwir alisikiliza, kisha akajibu kwamba hilo ndilo alilolisema tangu asubuhi: Komakech amezikata. Lamwaka aliikata simu kwa heshima.

"Mama, huyu Panya Mkubwa ni nani?"

Mama Pélagie alikunja mikono. Alikuwa mama mnene mwenye sauti ya chini, na ilijulikana kwamba hakuthubutu kusoma hata kitabu kimoja cha duka lake kwa kuwa analala peke yake. "Afande, batu wangu wanasomaka kwa siri. Miye nikisema jina ya mumoja, kesho hakuna wa kurudi."

"Kuna mtu saa tisa anapelekwa mahakamani kwa kesi ya kuua."

"Nilisikia ni Komakech. Hawezi kuua mutu. Ile analia hata kwa kitabu." Akatikisa kichwa. "Lakini jina, hapana. Weye uko polisi, utafute."

Lamwaka angeweza kumtisha. Alikuwa amewatisha watu wagumu kuliko huyu. Lakini alilitazama daftari, maoni yale yote yaliyoandikwa kwa uhuru na watu waliojua hawatafichuliwa, akaona ingekuwa dhambi. Akaomba kubeba daftari na kitabu kama vielelezo. Mama Pélagie aliikubali hati ya kupokea, akaisoma polepole, kisha akaionyesha kadibodi yake nyekundu. Hata polisi, alisema, wakirudisha wataandika maoni.

*

Bushira aliishi nyumba ya tatu nyuma ya soko, Mnubi wa makamo aliyesuka vifuniko vya sahani kwa nyuzi za rangi huku simu ikimsomea habari. Hakushangaa kumwona polisi. Alisema alikuwa akimsubiri mtu mwenye akili aje kumuuliza. Akaweka chini sindano yake na kutafuta ujumbe wa sauti. Ulikuwa wa Jumamosi, saa moja na dakika kumi na nne jioni, karibu siku nzima kabla Odur hajapigwa.

Sauti ya Komakech ilitoka kwenye simu, imejaa furaha ya mtu ambaye hajui kinachomngoja. "Dada Bushira, nimemaliza sasa hivi. Sitakwambia kitu. Lakini huyu mutu amemaliza kitabu na hodi, basi, akaenda kulala. Mimi ndiye sitalala."

Lamwaka aliisikiliza mara mbili. Alijua Okwir atasema huo nao ni ujanja uliopangwa. Lakini yeye hakuwa na shaka tena. Mtu anaweza kuigiza huzuni, na wengi huigiza hasira vizuri kabisa. Furaha ya kumaliza kitabu kizuri haiigiziki.

Kilichobaki ni kuzisoma kurasa kumi na sita. Pikipiki ilimfikisha Barabara ya Nasser saa tano na nusu, kwa mchapaji wa kitabu hicho, ambaye alimuuzia nakala kamili ikiwa bado inanuka wino. Alisoma akiwa amesimama, mgongo umeegemea mashine ya kukatia karatasi. Shemeji ndiye alikuwa akibisha hodi. Na ukurasa wa 197 ulieleza alivyoingia nyumba ya kwanza bila kuvunja: alikunja karatasi mara nane, akaisokomeza kwenye tundu la kitasa. Aliyemwua Odur alikuwa ametumia ukurasa uleule uliomfundisha.

Akaurudia ukurasa huo, safari hii kwa macho ya kazi, na hapo ndipo alipoona kitu ambacho kilikuwa mezani kwa Okwir siku mbili bila mtu kukiona. Mchapaji hakuwa ameweka jina la kitabu juu ya kurasa. Kulikuwa na namba chini, basi. Jina la *Hodi ya Tatu* halikuonekana popote isipokuwa kwenye jalada.

Ukimpa mtu karatasi hiyo moja, atajuaje inatoka kitabu gani? Atajua kama amekwisha kuisoma. Na Jasper, mtu wa kanisa asiyesoma vitabu vya mauaji, aliitambua papo hapo.

*

Port Bell, mabehewa yalikuwa yakishushwa kutoka kwenye meli na vumbi la saruji lilikuwa limepaka kila kitu rangi moja. Jasper alikuwa ofisini kwake, chumba kisafi chenye dirisha linaloangalia geti. Alikuwa mwembamba, mpole, kalamu mbili mfukoni. Alimkaribisha Lamwaka kiti na kumpa pole ya kazi.

Lamwaka alimwambia kuna utaratibu mdogo umesahaulika: kila ukurasa wa maelezo yake unahitaji sahihi. Akampa maelezo, akaketi, na wakati Jasper akisoma na kutia sahihi, akaitoa nakala ya Mama Pélagie mkobani na kuitupa mezani. Konstebo aliyekuja naye alibaki mlangoni.

Lamwaka alianza kulalamika kama mtu aliyechoka. Kitabu hiki kimempotezea asubuhi nzima. Hajawahi kusoma takataka kama hii. Mwandishi hajui kazi, wino ulimwishia akaacha hadithi hewani. Anakusomesha kurasa karibu mia mbili, watu watatu wanakufa, halafu mwishoni hodi inabishwa na hata huambiwi nani.

Jasper aliendelea kutia sahihi. Kalamu yake ilikuwa imepunguza mwendo.

"Angekuja kwangu ningemwambia akauze nyanya," Lamwaka alisema. "Hana akili ya kumaliza."

"Anayo." Jasper alisema hivyo kwa sauti ndogo, bila kuinua macho.

"Anayo wapi? Hodi, hodi, hodi, kwisha. Uvivu tu."

"Afande, umesoma vibaya." Sasa aliinua macho, na ndani yake mlikuwa na uchungu wa kweli, uchungu wa mtu anayesikia rafiki yake akisengenywa. "Ile kitabu haiishi pale. Yeye hakuacha kitu hewani. Kila kitu iko tangu mwanzo, ile viatu, ile mbwa haibweki, kwa sababu shemeji..."

Nje behewa liligonga behewa. Kalamu ilikuwa bado mkononi mwake, juu kidogo ya mstari ambao ulisema, kwa maneno yake mwenyewe, kwamba hasomi vitabu vya aina hiyo. Sahihi yake ilikuwa imeanza, haikuisha.

"Endelea," Lamwaka alisema. "Shemeji amefanya nini?"

Jasper aliweka kalamu chini. Lamwaka alimwomba afungue droo, na konstebo akasogea karibu. Wa kwanza kutoka ulikuwa wembe. Chini yake kulikuwa na faili la hati za mizigo, na katikati ya hati hizo karatasi saba, zimenyooshwa vizuri, zimepangwa kwa namba. Ni moja tu iliyokosekana. Panya Mkubwa alikuwa yeye, na kurasa alizikata kabla ya kurudisha kitabu. Mpango wake ulikuwa rahisi: alijua nani anafuata kwenye mstari wa kitabu, kwa sababu Komakech alikuwa akimsumbua kila mtu kwamba zamu yake imefika. Alijua ukurasa ukionekana mlangoni, utamwelekea aliyekuwa na kitabu mkononi. Njia ya mwongo ni fupi, lakini hii ingeweza kumfikisha mbali kama angekuwa na roho ya kuwasha kiberiti.

"Wembe ungeutupa ziwani, na hizi ungezichoma," Lamwaka alimwambia. Aliuliza kwa kutaka kujua kweli. "Siku tatu zote. Kwa nini hukuzichoma?"

Jasper alizitazama zile karatasi saba.

"Mwisho kama ule, afande," alisema. "Unaweza kuchoma?"

Lamwaka alimwonea huruma kwa kitambo kifupi, na mara akamkumbuka Odur, akaichukia huruma hiyo. Akampigia Okwir. Ilikuwa saa nane na dakika ishirini.

*

Komakech alitoka mahabusu saa kumi, viatu mkononi kwa sababu kamba zake zilikuwa zimepotea kaunta. Okwir alimwomba radhi mwenyewe, kwa maneno machache, akarudi ndani. Lamwaka alikuwa akimngoja kwenye veranda. Alimweleza yote, kisha akampa nakala kamili, ile ya mchapaji, ikiwa zawadi.

Komakech alikifungua nyuma. Akaona 193. Akaona 208. Hakusoma hata neno moja, akakifunga.

"Kumbe iliendelea," alisema.

"Iliendelea. Wengine wanasema mwisho wake ni mzuri sana."

Alikaa kwenye ngazi ya veranda na kitabu magotini. Alisimulia kwamba kila siku saa sita, wakati wa kupokezana zamu, Odur alikuwa akidai asimuliwe ilipofikia hadithi. Odur hakujua kusoma vizuri. Alisikia kitabu kizima hapo getini, vipande vipande, akiwa anavaa koti. Jumapili alisimuliwa mwisho.

"Nilimwambia, mutu iko ndani, hodi ya tatu, basi. Akaniuliza, sasa anafungua ama hafungui? Nikamwambia hakuna anayejua." Komakech alipangusa uso kwa mkono. "Odur akacheka. Akasema yeye angefungua. Mutu akibisha mara tatu, pengine ana shida."

Alimrudishia Lamwaka kitabu, kwa mikono miwili. Alisema hataki kujua shemeji ni nani. Hadithi aliyoshiriki na Odur ilikuwa na kurasa mia moja tisini na mbili.

Alhamisi asubuhi, kabla ya kwenda kazini, Lamwaka alipita Nateete. Daftari la zamani lilikuwa limekwisha kuwa kielelezo cha mahakama na lisingerudi leo wala kesho. Mama Pélagie alikuwa amenunua jipya na kulifunika kwa karatasi ya kaki. Alisikiliza habari zote, akajifuta macho kwa ncha ya kitenge, kisha akaonyesha kigoda, na kadibodi nyekundu.

Lamwaka alikaa. Alifikiri kwa muda mrefu kuliko alivyofikiri juu ya ripoti yoyote ya mwaka huo. Mwishowe akaandika, kwa mwandiko wake wa kipolisi ulionyooka:

"*Hodi ya Tatu.* Nimesoma mpaka mwisho, mbele ya mashine ya kukatia karatasi, nikasahau kukaa. Ni kitabu kizuri sana. Kinaishia ukurasa wa 192."

Chini yake, mahali pa jina la kujibandika, akaandika: Odur. Kisha akamrudishia Mama Pélagie kalamu na kuomba *Chokaa Kisimani*.